Sauti ya Mamako Kwenye Simu ya Zahanati

Sidi mwanangu,

Salamu zangu leo hazina safari ndefu, maana mkoba wako uko chumba cha pili na barua hii nitaiweka juu yake kwa mkono wangu. Umekwenda Malindi kuagana na bibi yako, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina saa tatu hivi. Nimekaa kwenye meza yetu ya kulia hapa Mnarani, nimekwisha kuchana karatasi mbili, na hii ya tatu sichani hata ikiwa mbovu namna gani.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, wala kuchemsha maji ya kunywa, wala nani wa kuaminiwa na nani wa kuepukwa. Shangazi zako wamekujaza hayo hata umeanza kuitikia kabla hawajamaliza. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimekuficha miaka mitano. Linahusu kazi hii unayoiendea Kisumu. Linamhusu mamako, Mungu amrehemu. Na linamhusu Daktari Athmani wa zahanati, ambaye humpi hata mkono.

Siku uliporudi kutoka kwenye usaili uliniambia, huku umevua kiatu kimoja tu kwa haraka ya kusema, "Baba, niliwaambia mitambo ya simu nimefundishwa na babangu." Nilicheka. Kisha nikatoka uani nikajifanya natazama kuku. Wewe ulidhani ni furaha imenizidi. Ilikuwa aibu, Sidi. Nilijua kwamba unakwenda kwenye kazi ile kwa sababu yangu, na hujui nilichoifanyia kazi ile, wala ilichonifanyia mimi.

Basi nianzie pale ilipoanzia.

Ulikuwa na miaka tisa. Swichibodi ya zamani ya zahanati, mtambo wa kupokea na kugawa simu, ilikuwa imekufa, chumvi ya bahari ilikwisha kuila mpaka nyaya zikawa kijani. Mimi nilikuwa karani tu, natunza stoo na kuandika wagonjwa. Lakini nilisoma mahali kwamba ipo programu huria, yaani ya bure, ambayo mtu yeyote aweza kuifungua akaona ilivyoandikwa ndani, nayo hugeuza kompyuta kuukuu ikawa swichibodi kamili. Nikamwambia Daktari, "Nipe mwezi mmoja." Nilisema mwezi mmoja kwa ujuba wa mtu asiyejua. Ilinichukua miezi saba.

Hakuna aliyeniambia jinsi mlima ule ulivyo mkali mwanzoni. Maelekezo yalikuwapo, tena mengi, ila kila ukurasa ulikuwa umeandikwa na mtu aliyedhani tayari najua ukurasa wa kabla yake. Nasoma neno silijui, nakwenda kulitafuta, nakuta limeelezwa kwa maneno mengine matano nisiyoyajua. Wiki ya tatu simu ikaita kwa mara ya kwanza, nikaruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye rafu ya dripu. Nikainua mkono wa simu. Mamako, aliyekuwa akipiga kutoka nyumbani kwa simu yake ya mkononi, alinisikia vizuri sana. Mimi sikumsikia hata kidogo. Nikawa napiga kelele, "Sema! Sema tena!" naye huko alikuwa akisema mpaka akachoka.

Tatizo lile la kusikika upande mmoja lilinikalia wiki tatu. Kila anayeanza kazi hii hupita hapo, nalo litakupata. Ukikaa nalo usiku na mchana utaona kama mtambo unakufanyia inda. Haukufanyii. Ni mlango mmoja tu haujafunguliwa kati ya mtandao wa ndani na wa nje, sauti inatoka lakini ya kurudi haina njia. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu mamako alipotutoka.

Ikabidi niulize. Kuna jukwaa kwenye mtandao ambapo mafundi wa programu ile hukutana, watu wa nchi zote, na Kiingereza changu unakijua. Niliandika swali langu nikalifuta mara nne. Mtu mzima, baba wa mtoto, karani anayeheshimiwa, nikauliza kitu ambacho pengine mtoto wa shule wa kule kwao anakijua. Nilipolituma, wa kwanza kunijibu aliniambia nikasome maelekezo. Nilizima kompyuta kwa hasira, nikakaa siku mbili siigusi. Mamako akaniuliza, "Kwani amekutukana?" Nikasema hapana. "Basi wamchukiliani mtu aliyekwambia usome?" Nikasema yeye hajui. Alicheka, akaendelea kukuna nazi.

Wa pili kunijibu alikuwa mzee mmoja wa mbali, hata nchi yake sikuijua vizuri. Huyo alinifundisha. Aliniomba nimwambie nimejaribu nini, nimeona nini, na mtambo umeandika nini ulipokataa. Nilipomweleza hivyo, kwa utaratibu, alinionyesha mlango uliofungwa kwa mstari mmoja. Sikupata kumwona uso, lakini nilikuwa nikimwamkia kila ninapomwandikia, naye akawa ananiamkia.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana ndiyo yenyewe.

Mtambo ulipokubali kufanya kazi, ulikuwa unasema Kizungu. Programu ile huja na folda iliyojaa sauti za mwanamke mmoja: karibu, bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri. Wazee wetu wa Takaungu na Rabai walikuwa wakipiga simu, wakisikia Kizungu wanakata. Mimi Kiswahili changu kina lafudhi ya bara, ya kwetu Ganze, na niliposikiliza sauti yangu nilidhani ni mtu anafukuza mbuzi. Mamako ndiye aliyekuwa na Kiswahili chenyewe, cha mji wa kale wa Malindi, cha kumtuliza mtu. Nikamwomba.

Tulirekodi ndani ya stoo siku mbili, magodoro ya wagonjwa yamesimamishwa ukutani yazuie kelele. Nilikuwa nimemwandikia maneno. Akayasoma, akanitazama. "Mbona waanza na bonyeza, Baba Sidi? Mtu apigaye simu zahanati ana lake limemfika. Mpe pole kwanza." Ndipo simu yetu ikawa pengine ndiyo peke yake duniani inayoanza kwa kusema pole. "Pole, na karibu. Ukiwa wamtaka daktari, bonyeza moja." Watu walikuwa wakiijibu. Wagonjwa waliniambia wenyewe: wakisikia pole, wanasema ahsante, halafu ndipo wanabonyeza.

Kulikuwa na njia mbili za kuziweka sauti zile. Njia ya kwanza ni kuifundisha programu kwamba ipo lugha ya pili, nayo ina folda yake. Hiyo ilihitaji nielewe jambo moja zaidi, na mimi nilikuwa nimechoka kuelewa. Njia ya pili ni kuzipa sauti za mamako majina yale yale ya faili za Kizungu na kuziweka juu yake, hivi kwamba programu inacheza Kiswahili bila kujua. Nikachukua ya pili. Ilifanya kazi dakika ile ile. Nikamwandikia yule mzee wa jukwaani kwa majivuno kumweleza nilivyofanya. Akanijibu kwa upole, "Usiweke vitu vyako juu ya vitu vya programu. Fanya folda ya lugha yako. Na uweke nakala mahali pengine." Nikamshukuru. Nikajiambia wazee wana maneno mengi. Kitu kinafanya kazi, cha nini kukigusa?

Nakala sikuweka.

Mamako alipougua figo ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hayo unayajua, ulikuwapo, sitayarudia. Baada ya arubaini ulirudi bweni Malindi, na mimi nikarudi kazini, na kila siku nikifika nilikuwa nasikia mke wangu akiwapa watu pole. Wenzangu walimwuliza Daktari kama si vizuri kuibadilisha sauti ile kwa ajili yangu. Daktari akaja kuniuliza. Nikamwambia, "Iache." Akasema, "Na mimi nilitaka iachwe."

Kompyuta ile huandika kila simu inayoingia, namba gani, saa ngapi, imekaa muda gani. Nikaona namba moja inapiga kila Jumamosi. Haibonyezi kitu. Inakaa mpaka maneno yaishe, halafu inakatika. Mwanzoni nilidhani ni mtu wa mzaha. Wiki ya nne nikaitambua namba, ilikuwa ya matroni wenu wa bweni, na ndipo nilipojua ni wewe. Sikukwambia kwamba nimejua. Niliingia kwenye mtambo nikabadilisha kitu kimoja. Mtambo ulikuwa umepangwa kurudia maneno mara mbili kabla ya kukata. Nikaupanga urudie mara tisa.

Katika kazi zote nilizofanya kwenye mtambo ule, hiyo ndiyo ninayojivunia.

Mwaka uliofuata likatoka toleo jipya la programu. Hakuna aliyeniagiza kuliweka. Jukwaani mafundi walikuwa wakilisifu, nami wakati huo nilikuwa nimeanza kujibu maswali ya wageni, nimeanza kujiona. Nikataka nami niseme nimeliweka. Alhamisi mchana nikabonyeza, nikaenda kula. Programu ikafanya ilivyofundishwa: ikapita kwenye folda yake, ikaona faili zake zimegeuzwa, ikazirudisha zilivyokuwa. Zote. Haikukosea popote, Sidi. Nimetafuta kosa lake miaka hii yote nisilipate.

Niliporudi simu iliita, nikasikia mwanamke wa Kizungu.

Nilitafuta. Nilitafuta kila folda, nikalala pale pale stooni. Niliandika jukwaani mchana wa pili, na yule mzee akanijibu upesi kuliko siku zote: zima mtambo, usiandike kitu chochote juu yake. Lakini simu za wagonjwa zilikuwa zimeingia tangu jana yake, na kila simu ilikuwa imeandika kitu juu ya sauti zile zilizofutika. Aliniambia anasikitika. Hakunikumbusha kwamba aliniambia. Daktari alipoingia akaniuliza, "Sauti ya marehemu iko wapi?" Nikamwambia, nimeifuta, ni kosa langu. Akakaa juu ya katoni la glavu, akasema, "Pole, Baba Sidi." Basi.

Jumamosi ukapiga simu yangu ya mkononi. Hukunisalimu. Ulisema, "Baba, Mama wamemtoa?"

Mkubwa nilimweza, mtoto akanishinda. Nilikuwa na neno la kweli mdomoni, lile lile nililompa Daktari jana yake. Badala yake nikasema, "Daktari ameamua iwe Kizungu, kwa ajili ya wageni wa mahoteli." Ukasema, "Sawa," ukakata. Nilijiambia nitakueleza ukija likizo. Ukaja likizo, nikajiambia utakapomaliza mitihani.

Nikakuacha umchukie. Nilikuona ukivuka barabara usikutane naye. Ulipofaulu kidato cha nne alikuja hapa na kompyuta yake mwenyewe ya mkononi, ameisafisha, ameifunga vizuri, anasema akaifanyie mazoezi mtoto. Wewe ulikuwa jikoni ukasema kwa sauti ya kusikika, "Sitaki kitu chake." Daktari alikuwa amesimama kizingitini. Aliniuliza, "Nimemkosea nini mtoto?" Nikamjibu, "Utoto tu, Daktari." Aliondoka na ile kompyuta kwapani, nami nikamsindikiza mpaka barabarani nikizungumza habari za mvua.

Jumatatu hii nimekwenda kumwambia. Nilimweleza yote, nilivyokwambia na nilivyonyamaza. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Kumbe ndiyo hayo. Mimi miaka yote hii nilidhani mtoto ananihesabia kifo cha mamake. Nilidhani anaona sikumtibu sawasawa." Sidi, mtu yule amelala na jambo hilo miaka mitano. Alikuwa akirudia mafaili ya mamako kutafuta alipokosea. Aliniambia mwenyewe, bila hasira, na laiti angenipiga kofi.

Nilimwomba aje kesho asubuhi kuagana nawe. Akasema atakuja, ila nisikwambie umwombe radhi, maana huna kosa. Kwa hiyo sikwambii. Atakuwa hapo nje saa kumi na mbili na nusu, na utafanya utakavyoona.

Ungeniuliza nikupe nasaha ya kazi, nisingekuwa nayo nyingi. Utavunja vitu. Kila aliyeujua mtambo ule ameuvunja kwanza, na wanaokwambia hawajauvunja hawajaugusa. Mimi kuvunja hakukuniangusha. Kilichoniangusha ni ile Jumamosi, maneno machache kwenye simu. Siku utakayovunja cha watu, sema siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, hata sauti ikitetemeka. Kesho yake neno huwa zito zaidi, na baada ya mwaka mtu huanza kudhani ndivyo mambo yalivyokuwa.

Na limebaki moja, ambalo naliona zito kuliko yote.

Si kila kitu kilifutika. Siku ile ya kwanza ya kurekodi, kabla hatujaanza maneno yenyewe, nilijaribu kama mtambo unashika sauti. Faili ile niliiita jaribio. Programu haina faili ya jina hilo katika vitu vyake, kwa hiyo ilipopita kurudisha vyake, hiyo iliiruka. Niliiona usiku wa pili wa kutafuta. Ni sekunde kumi na nne. Nimekuwa nayo tangu siku hiyo, nikiisikiliza peke yangu stooni mlango umefungwa, na sikukupa, kwa sababu kukupa kungenilazimu nieleze ilikotoka. Nilikunyima mamako ili nisionekane mbaya. Hilo sina namna ya kulipamba.

Mamako anasema hivi: "Nianze? Baba Sidi, hiki kitu charekodi au hakirekodi? Sidi, mwanangu, ondoka hapo mlangoni, waingiza kelele. Njoo, njoo ukae hapa nami. Haya." Kisha wasikika wewe, unaburuta kiti.

Haimo pole, wala bonyeza moja. Hakuwa akizungumza na mgonjwa yeyote. Alikuwa akizungumza na sisi wawili.

Nimekutilia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuifungia, nimeitia katika bahasha ya vidonge ya zahanati. Iko ndani ya karatasi hii. Utanisikia niko barazani. Sitaingia mpaka uniite, na usiponiita nitafahamu. Pale kwenye bahasha panapoandikwa kipimo cha dawa nimekuandikia kwa wino mweusi ufanye nini nayo. Fuata kama ilivyo, mwanangu, usiwe kama mimi: nakili mara tatu, uziweke mahali patatu, ndipo usikilize.

Ni mimi, babako,
niliyesikika upande mmoja.